Mpunga wanawiri, mahindi yageuka zambarau: fosforasi ya bondeni yaenda wapi?

SWALI: Ami shikamoo. Mi naishi Likoni ila shamba langu liko Kwale, upande wa Msambweni, bondeni kabisa, maji ya kijito (matamu, si ya chumvi) yanajaa wakati wa masika. Nalima mpunga, maji yakishuka napanda mahindi na pojo palepale. Mpunga mashallah hata bila mbolea unashika, lakini mahindi yakifika magotini majani yanageuka zambarau na yanadumaa. Nilipeleka udongo maabara, karatasi ikarudi inasema fosforasi kwa jumla ni nyingi tu, ila "inayopatikana" haifiki hata kumi. Wa agroveti aniambia nimwage DAP (mbolea ya dukani yenye naitrojeni na fosforasi) shamba zima, mpunga na mahindi. Sasa ami, fosforasi iko ama haiko?

JIBU: Marahaba mwanangu. Iko, na karatasi haijakudanganya, ila namba mbili hizo zinazungumzia vitu viwili tofauti. Jumla ni fosforasi yote iliyo kwenye udongo, ikiwemo ile ambayo mmea hauwezi kuigusa, yaani kama urithi ambao wajua kabisa una fungu lako lakini kadhi hajagawa. Mzizi unakunywa fosfeti (fosforasi iliyoungana na oksijeni) iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo basi, na hiyo wakati wowote ni chembe ndogo sana ya jumla. Iliyobaki imejificha mahali tofauti tofauti: nyingine imo ndani ya mabaki ya majani na mizizi iliyooza nusu (kwenye kinamasi hii huwa nyingi sana, na lazima vijidudu viivunje kwanza), nyingine imeng'ang'ania chuma na alumini, hasa udongo ukiwa na asidi, na nyingine imeshikana na kalsiamu kwenye udongo wa chokaa.

Shamba lako, kwa hadithi yako, mambo yote yako kwenye chuma. Bonde likijaa maji, hewa haiingii tena udongoni, oksijeni iliyobaki vijidudu vinaimaliza ndani ya siku moja mbili, halafu vinatafuta kitu kingine cha kupumulia, vinamaliza naitreti, vinaingia kwenye manganizi, ndo vinafika kwenye chuma. Chuma cha kutu, kile chekundu, kinabadilika kinakua kile kinachoyeyuka, na kikiyeyuka kinaachia fosfeti iliyokua imeshikwa. Huko Uingereza mwanasayansi Mortimer alilionyesha jambo hili vizuri sana kwenye matope ya chini ya ziwa, akaandika mwaka 1941 na 1942, na mashamba ya mpunga yanafuata mwendo huohuo. Kwa hivyo mpunga wako unapata fosforasi ya bure kwa sababu ya maji, wala si kwamba udongo umekua tajiri msimu huo.

Sasa maji yakishuka hewa inarudi, chuma kinageuka kutu tena, na hii kutu mpya ni laini, haijashikana vizuri, ina nafasi nyingi mno za kukamata fosfeti kuliko kutu ya zamani. Inaikamata inaifunga. Hapo ndo wewe unakuja na mbegu ya mahindi! Alafu kuna jambo la pili ambalo watu hawalisemi: wale fangasi wazuri wanaokaa mizizini na kuusaidia mmea kufikia fosforasi ya mbali wanapungua shamba likikaa na maji muda mrefu, kwa hivyo mahindi yanaanza maisha bila msaidizi. Majani ya zambarau kwa mche mdogo ndo dalili yenyewe ya kukosa fosforasi.

Na hiyo sampuli, bila shaka ilikaushwa kabla ya kupimwa, ndivyo maabara nyingi zinavyofanya. Ukishaukausha udongo wa kinamasi ushaubadilisha, chuma kishageuka kutu. Maanake namba yako ndogo yaelezea shamba la mahindi, haielezei shamba la mpunga. Uliza pia walitumia kipimo gani. Bray (1945) kilitengenezwa kwa udongo wenye asidi, Olsen (1954) kwa udongo wa chokaa, Mehlich 3 (1984) chatumika kwa aina nyingi, na namba za kipimo kimoja huwezi kuzilinganisha na za kingine hata kidogo.

Kwa hiyo DAP mimi nasema iende kwa mahindi, na usimwage juu. Tia kidogo kwenye shimo, funika na udongo, ndo utie mbegu ili zisigusane, hapo mzizi mchanga unaikuta karibu kabla kutu haijaimaliza. Na ujue unanunua nini, ile 46 iliyoandikwa kwenye mfuko ni fosforasi ikihesabiwa pamoja na oksijeni yake, fosforasi yenyewe kwenye mfuko wa kilo 50 ni kama kilo 10 tu. Mpunga jaribu kipande kimoja na mbolea na kingine bila, uone kwa macho yako kabla ya kutoa pesa. Ukitia, changanya na tope na uzuie maji yasitoke siku kadhaa, kwa sababu fosfeti iliyo juu ya maji itateremka na kijito hadi kwa wenzako wa chini na huko italisha mwani. Hili naomba sana mulichukulie kwa uzito.

Jambo moja zaidi, maji ya bahari yakianza kupanda hadi shambani mambo yanabadilika. Yana salfeti nyingi (chumvi yenye salfa), na matope yanapoanza kunuka mayai viza, chuma kinanaswa na salfa hakiwezi tena kuishika fosfeti, inatoka tu.

SWALI: Ami, mimi niko Kisauni, udongo wetu ni wa matumbawe, mweupe. Nimesikia mbolea ya mawe ya Minjingu ni rahisi, nitie kwa mchicha?

JIBU: Hapana dada yangu, kwako haitafanya kazi. Mawe yale, yanayochimbwa Tanzania karibu na Ziwa Manyara, yanahitaji asidi ya udongo ili yayeyuke, na wewe umekalia kalsiamu tupu. Yatakaa vilevile ulivyoyatia. Tumia samadi iliyoiva vizuri, kidogo kidogo lakini kila msimu, na ukipima udongo omba Olsen.

SWALI: Ni kweli kinamasi kinasafisha maji ya vyoo na mbolea? Jirani ataka kuelekeza mtaro wake kwenye bwawa letu la mafunjo.

JIBU: Naitrojeni kinaweza kuigeuza gesi ikaenda zake hewani. Fosforasi haina njia hiyo, inabaki kwenye tope na mimea, na tope lina kiasi chake, likishashiba linaanza kuachia. Mtafiti Richardson aliandika mwaka 1985 kwamba uwezo wa kinamasi kushika fosforasi unategemea sana alumini iliyomo udongoni, kwa hivyo bwawa moja si sawa na jingine. Kule Everglades, kinamasi kikubwa cha Marekani, maji yenye fosforasi kutoka mashamba ya miwa yalifanya nyasi za asili zimezwe na typha (mmea mrefu wa majini), na kikomo walichokuja kukiweka ni mikrogramu 10 tu za fosforasi kwa lita moja. Mwambie jirani achimbe shimo lake la kutulizia uchafu kwanza. Na nyinyi mafunjo muyakate muyatoe nje ya bwawa, muyapeleke shamba la juu, manake yakiozea mulemule fosforasi yote inarudi majini.