Maua kando ya mto Kisat? Inawezekana

Omera umeuliza kama hiyo idea ya kupanga ukingo wa mto na maua inaweza kushika hapa Kisumu, mi naona inaweza ila wasianze na mabenchi na taa. Waanze na wale wamama wa vitalu kando ya barabara, wenye miche kwa karatasi nyeusi, wapewe kipande hapo Kisat wapande na wauzie hapo hapo. Kule Sa Đéc, mji wa maua Vietnam, vyungu vya maua hukaa juu ya vichanja, maji yakijaa wakulima wanapita katikati na mtumbwi. Sisi Ziwa Victoria lilipanda 2020 na bado tunajenga chini tu. Na maji taka yashughulikiwe kwanza bana, saa hii ukivuka huo mto unashika pua.