Mahakama za kadhi hazikuifanya Kenya kuwa dola ya kidini

Ndugu, umesema kwamba nchi isiyo na dini rasmi haipaswi kuwa na mahakama ya kidini, na umeitaja Kenya. Kifungu cha 8 cha Katiba ya 2010 kinakuunga mkono, kwa kuwa kinakataza dini ya taifa. Lakini kifungu cha 170 cha Katiba hiyohiyo kinazitambua mahakama za kadhi, na kuzifungia katika mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale tu wahusika wote wanapokuwa Waislamu na kukubali kusikilizwa huko. Kadhi hahukumu wizi, wala Mkristo halazimishwi kufika mbele yake.

Asili ya kutambuliwa kwa mahakama hizi katika Katiba ni ya kisiasa zaidi kuliko watu wanavyodhani: Oktoba 1963, Jomo Kenyatta aliahidi kuzilinda mahakama hizo ili Mwambao, uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, uingie Kenya.

Nimewahi kukaa kwenye benchi la mahakama ya namna hiyo, karibu na mjane aliyeshika bahasha yenye cheti cha kifo na hati ya ndoa iliyochakaa kwenye mikunjo. Alichotaka ni kujua fungu lake katika nyumba ya marehemu mumewe, na sioni ni wapi dai lake lilimnyima raia mwingine haki yake.