Mwanangu, kuhusu hizo nyota ulizoniuliza

Mwanangu, hujambo? Sisi huku wazima, babako mguu umepungua kidogo. Meseji yako nimeiona, unauliza hizi nyota za gazetini zilianzia wapi, nani alikaa akaamua wewe ni Nge, na kama mamako huwa naziamini maana ulikua ukiniona nazisoma kila Jumapili.

Zilianzia Babeli, Iraki ya leo, na mwanzoni hazikukuhusu wewe wala mimi, zilikuwa mambo ya mfalme na nchi yake. Wanajimu walikuwa wasomi wa ikulu, usiku wanakesha wanaangalia mbingu, wanaandika kwenye vibao vya udongo kwa kijiti cha tete, na walikuwa na mkusanyo wa ishara, vibao kama 70 hivi, unaitwa Enuma Anu Enlil, yani kikionekana hiki juu basi chini kitatokea kile. Kilichokuwa kinawatoa jasho ni mwezi kupatwa. Uso wa mwezi wameugawa mafungu manne, kila fungu na nchi yake, kivuli kikiangukia fungu lenu ndo mfalme wenu huyo anaondoka, labda ile sayari kubwa, Mshtarii, iwe inaonekana saa hiyo, hapo amepona.

Sasa sikia walichokuwa wanafanya. Anatafutwa mtu, mfungwa au yeyote asiye na wa kumlilia, anavikwa nguo za kifalme anakalishwa kwenye kiti, anaweza kukaa mpaka siku 100, na mfalme mwenyewe kajichimbia huko, barua zake zinaandikwa "kwa mkulima". Muda ukiisha yule maskini anauawa, mkosi umekwenda naye. Esarhaddon, mfalme wa Ashuru, jirani wa Babeli, aliyetawala 681 mpaka 669 kabla ya Kristo, alifanya hivyo zaidi ya mara moja. Mi huwa namuwaza yule mtu siku ya kwanza anapoletewa sinia la nyama, sijui alielewa.

Ila kuna kisa wenyewe walikiandika, cha zamani zaidi, mji wa Isin. Mfalme Erra-imitti kamkalisha mtunza bustani wake, Enlil-bani, halafu yeye akafia humo humo ikulu akinywa uji wa moto. Uji, mwanangu! Mtunza bustani akagoma kushuka, akatawala miaka 24. Nilicheka peke yangu jikoni.

Hizo nyota 12 zenu za gazetini zilikuja baadaye, kwenye karne ya 5 kabla ya Kristo, walipoikata njia ya jua vipande 12 sawasawa, nyuzi 30 kila kimoja. Nyota za mtoto wa kuzaliwa, zile kongwe kabisa zilizopatikana, ni za mwaka 410 kabla ya Kristo. Wagiriki wakachukua, Waarabu wakachukua, ndo maana bibi yako hasemi Nge, anasema Akrabu.

Na usiwadharau, maana kwa kuandika usiku baada ya usiku karne na karne walikuja kugundua kupatwa kunajirudia kila miaka 18 na siku kama 11, wakawa wanajua kabla.

Kuamini siamini. Nilikuwa nazisoma kwa sababu babako hakuwa akiachia kurasa za mpira. Wewe ulizaliwa usiku wa mvua, nje giza totoro, hakuna aliyeiona nyota hata moja, mkunga alikuwa anahangaika na chemli inayozimika. Wale wa Babeli wala wasingejali, wangeuliza tarehe tu wakapiga hesabu.