Akaunti ya Ujerumani kabla ya kufika Ujerumani

SWALI: Binti yangu amedahiliwa kusoma uhandisi katika chuo kikuu kimoja cha Ujerumani, na masharti ya viza yanamtaka aonyeshe akaunti ya huko yenye euro 11,904. Tawi la benki yangu hapa Moshi limesema haliwezi kumfungulia, na benki mbili za Ujerumani tulizoziandikia zimejibu kwamba hazimpokei mteja asiye na anwani nchini mwao. Anwani ataipataje kabla ya kusafiri, na atasafirije bila akaunti? Tena, kwa kuwa fedha ni zangu, si afadhali niifungue kwa jina langu?
Mama wa mwanafunzi, Moshi

JIBU: Mama, benki zote zilikujibu sawasawa, ila hakuna iliyokueleza kwamba hapa pana akaunti mbili, na kila moja ina wakati wake. Ya kwanza ni akaunti ya kawaida ya matumizi, ambayo Wajerumani huiita Girokonto. Hiyo ndiyo mliyoiomba, na kwa kawaida haipatikani mpaka mtu awe ameandikisha makazi yake. Ya pili ndiyo anayoidai ofisa wa viza: inaitwa Sperrkonto, yaani akaunti ambayo fedha zake huzuiwa na kutolewa kidogo kidogo kila mwezi, na watu walio bado nje ya Ujerumani huruhusiwa kuifungua. Maombi hufanywa kwa mtandao, kwa kutumia pasipoti, kupitia kampuni kama Expatrio au Fintiba.

Kiasi ulichotajiwa ni euro 992 kwa mwezi kwa miezi 12, na kimetumika tangu Septemba 2024. Kabla ya hapo kilikuwa euro 11,208. Kwa kuwa hubadilika, soma tovuti ya ubalozi wa Ujerumani wa Dar es Salaam kabla ya kutuma chochote, wala usitegemee karatasi ya mtoto wa jirani aliyeondoka miaka mitatu iliyopita. Fedha hizo si karo, bali ni za chakula, pango na bima. Vyuo vikuu vingi vya serikali havitozi karo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula.

Akaunti lazima iwe kwa jina la binti, kwa sababu inathibitisha uwezo wake yeye wa kujikimu. Wewe utabaki kuwa mtumaji tu, na hutaweza kuzitoa fedha hizo. Jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti, jambo linalowasumbua sana watu wetu wenye majina matatu kwenye cheti cha kuzaliwa na mawili kwenye cheti cha shule.

Panapoharibika mara nyingi ni kwenye kutuma. Fedha zinazotoka Tanzania kwenda Ulaya aghalabu hupitia benki ya kati, ambayo hujikatia chake njiani, na zikifika pungufu, hata kwa euro 20, hati ya uthibitisho inaweza kukwama. Kwa hiyo mwambie karani kwamba makato yote yalipwe na mtumaji, ongeza kiasi kidogo juu, na uandike namba ya kumbukumbu uliyopewa na kampuni. Nenda na barua ya udahili na ushahidi wa chanzo cha fedha, kama vile mkataba wa mauzo ya shamba au taarifa ya akaunti yako, kwa sababu benki yako nayo ina wajibu wa kuuliza. Wakala akitaka fedha zipitie kwanza kwenye akaunti yake, achana naye.

Viza ikinyimwa, fedha hurejeshwa baada ya kuwasilisha barua ya kukataliwa, zikiwa zimepungua kwa ada na kwa tofauti ya kubadilisha shilingi. Kama mna ndugu anayeishi Ujerumani mwenye kipato cha kutosha, anaweza badala yake kusaini hati ya kumdhamini mbele ya mamlaka ya huko, nanyi mkaepuka kufungia fedha nyingi kiasi hicho kwa mkupuo. Ila ajue kwamba ni dhamana ya kisheria, na anaweza kudaiwa.

Akishafika, sheria inamtaka aandikishe makazi ndani ya wiki mbili tangu kuhamia, akiwa na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba. Hapo ndipo atafungua Girokonto, ambayo euro 992 zitaingia kila mwezi. Awe na fedha nyingine za kumfikisha hapo, kwa maana shughuli hiyo inaweza kuchukua wiki kadhaa.

SWALI: Niko Leipzig kihalali, lakini sina makazi ya kudumu na benki mbili zimenikataa. Nifanye nini?
Msomaji, Leipzig

JIBU: Omba akaunti ya msingi, Basiskonto, kwa kujaza fomu yake maalumu. Tangu Juni 2016, benki za Ujerumani zinazotoa akaunti za matumizi kwa watu binafsi hulazimika kumfungulia kila anayeishi kihalali katika Umoja wa Ulaya, hata asiye na anwani ya kudumu, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa na sheria. Benki ina siku 10 za kazi za kukujibu. Ikikataa, dai sababu kwa maandishi na uipeleke BaFin, mamlaka inayosimamia mabenki.