Kuagiza Gari kutoka Ng'ambo na Kulivusha Mpaka: Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinaanzia mahali pamoja: mtu ameona picha ya gari kwenye intaneti, bei imemvutia, na sasa anataka kujua kama fedha aliyo nayo itamfikisha. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatamfaa na mtu mwingine, nikafupisha maswali bila kubadilisha maana yake.

Mimi ni mwalimu, Jinja. Nimeonyeshwa Toyota Premio yenye umri wa miaka 12 kwa dola 4,000, bima na nauli ya meli hadi Mombasa zikiwemo. Nikiwa na dola 5,500, nitaweza kulifikisha nyumbani?

Hapana, mwalimu, hazitatosha, na ni afadhali ulijue hilo leo kuliko kulijua gari likiwa limeshashushwa bandarini.

Bei uliyopewa, inayojumlisha gari, bima na nauli hadi bandarini, ndiyo wafanyabiashara huiita CIF, na ndiyo msingi ambao kodi za Uganda hukokotolewa juu yake. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, kiwango cha pamoja cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Juu ya jumla ya thamani hiyo na ushuru wake hutozwa kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, kwa asilimia 18. Kisha ipo kodi ya zuio, yaani kodi ya mapato inayokatwa mapema, ya asilimia 6 na tozo ya miundombinu ya asilimia 1.5, zote mbili zikihesabiwa kwenye thamani ya CIF. Kwa gari la dola 4,000, ushuru ni dola 1,000, VAT ni 900, kodi ya zuio ni 240 na tozo ya miundombinu ni 60, jumla yake ikiwa dola 2,200.

Hapo bado hatujaigusa tozo ya mazingira, na hiyo ndiyo inayowaumiza wanunuzi wengi. Imewekwa mahsusi kwa ajili ya magari yaliyotumika, nayo hupanda kadiri umri wa gari unavyopanda, hadi kufikia nusu ya thamani ya CIF kwa magari makuukuu. Ukitozwa kiwango hicho cha asilimia 50, unaongeza dola 2,000, na kodi zako zinakuwa dola 4,200, yaani zaidi ya bei ya gari lenyewe. Ndiyo maana mara nyingi gari jipya kidogo, ambalo bei yake ya ununuzi ni kubwa, humgharimu mtu karibu sawa na lile kuukuu lililoonekana rahisi. Naomba ulinganishe magari mawili au matatu kwa hesabu kamili kabla ya kuchagua.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, ina orodha yake ya thamani elekezi za magari yaliyotumika, na bei iliyo chini sana ya orodha hiyo itatiliwa shaka. Punguzo ulilobembeleza kwa muuzaji, kwa hiyo, si lazima likupunguzie kodi. Tovuti ya mamlaka ina kikokotoo cha kodi za magari: weka aina, mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini wa gari hilo hilo unalolitaka, si la jirani yako. Halafu ongeza gharama za bandari, ada ya wakala wa forodha, dereva na mafuta ya safari ya zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Mombasa hadi Kampala, usajili pamoja na namba, na bima ya lazima ya watu wengine. Ukimaliza hesabu hiyo ndipo useme gari ni la bei gani.

Tangazo linasema gari ni la mwaka fulani, lakini fundi wangu hapa Arua anasema ni la zamani zaidi. Nimwamini nani?

Huenda wote wawili wanasema kweli, maana wanazungumzia tarehe mbili tofauti. Nchini Japani, hati za gari huonyesha mwezi na mwaka wa kusajiliwa kwa mara ya kwanza, na matangazo mengi hunakili tarehe hiyo. Uganda haiangalii usajili. Huangalia mwaka wa kutengenezwa. Gari lililokaa kwa muuzaji miezi kadhaa kabla ya kupata mwenyewe linaweza kuwa na tofauti ya mwaka mzima kati ya tarehe hizo.

Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu tangu mwaka 2018 sheria ya usalama barabarani inakataza kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa kwake. Gari linalokaribia kikomo hicho linaweza kununuliwa likiwa halali na kufika mpakani likiwa haramu, kwa kuwa safari ya bahari pekee kutoka Japani huchukua takriban mwezi mmoja hadi mwezi na nusu, na meli huchelewa. Mwombe muuzaji namba kamili ya chesisi, uitafutie mwezi wa kutengenezwa, na ukiona gari lina umri wa miaka 14 na ushee, achana nalo hata kama linang'aa.

Nitajuaje hali ya gari ambalo sijalishika kwa mkono?

Magari mengi ya Japani hupitia mnadani kabla ya kumfikia muuzaji wa nje, na mnada hulifanyia kila gari ukaguzi na kuuandika kwenye karatasi moja. Idai karatasi hiyo. Ina alama ya jumla: 4.5 na 4 ni gari lililotunzwa vizuri, 3.5 lina kasoro za matumizi, na R au RA ni gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa. Vilevile ina mchoro wa bodi wenye herufi: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali palipokunjuliwa na kupigwa rangi upya, S ni kutu na C ni kutu iliyokwisha kula bati. Maandishi mengine ni ya Kijapani, lakini herufi na namba hizi zinasomeka na kila mtu. Muuzaji anayesema karatasi imepotea amekwisha kukujibu.

Watu huniuliza kwa nini Wajapani waachie magari yanayoonekana mazima. Sababu kubwa ni ukaguzi wa lazima wa serikali yao, ambao gari jipya huufanyiwa baada ya miaka 3 na baadaye kila miaka 2, kwa gharama ambayo wengi huona ni afadhali wauze. Ukaguzi huo unatufaa na sisi, kwa sababu kilomita zilizosomwa wakati huo huandikwa kwenye hati, na hati ya kulisafirisha gari nje huzionyesha. Zilinganishe na zile zilizo kwenye picha ya dashibodi. Zikiwa zimepungua badala ya kuongezeka, mita imerudishwa nyuma.

Ukinunua Uingereza, ambako nako usukani uko kulia, mwombe mkaguzi aangalie chini ya gari kuliko juu. Barabara za huko humwagiwa chumvi majira ya baridi, na chumvi hula chesisi taratibu huku rangi ya juu ikibaki nzuri. Na popote unaponunua, hakikisha gari limekaguliwa kabla ya kupakiwa melini kwa mujibu wa masharti ya Shirika la Viwango la Uganda.

Muuzaji amenitumia ankara, kisha siku mbili baadaye akanitumia nyingine yenye akaunti mpya ya benki. Nilipe?

Usilipe hata shilingi. Mpigie simu kwa namba uliyoipata wewe mwenyewe kwenye tovuti yake ya awali, si ile iliyoandikwa katika barua pepe ya pili. Wezi huingilia mawasiliano ya barua pepe, husubiri mpaka biashara iive, kisha hubadilisha akaunti tu na kuacha kila kitu kingine kama kilivyokuwa. Jina la akaunti lazima liwe jina la kampuni, na benki iwe katika nchi ambayo kampuni hiyo ipo. Akaunti yenye jina la mtu binafsi ni sababu tosha ya kuondoka. Kwa Japani, unaweza pia kuangalia kama muuzaji ni mwanachama wa JUMVEA, jumuiya ya wauzaji nje wa magari yaliyotumika.

Mimi niko Mbarara. Nipitishie Mombasa au Dar es Salaam?

Kwa mtu wa Kampala na mashariki, njia ya Mombasa kupitia Malaba au Busia ni fupi zaidi. Kwa wewe uliye magharibi, Dar es Salaam kupitia Mutukula inastahili kufikiriwa, kwa kuwa ukishavuka Mutukula na kufika Masaka unageukia nyumbani bila kuigusa Kampala na foleni zake. Barabara ya upande wa Tanzania, hata hivyo, ni ndefu, na mafuta na siku za dereva huongezeka. Waombe mawakala wawili, mmoja wa kila njia, wakuandikie gharama zote hadi mlangoni kwako, kisha uamue.

Nimelipokea gari langu, lakini redio inashika stesheni mbili tu. Imeharibika?

Ni nzima. Redio za FM za Japani zimetengenezewa masafa ya megahezi 76 hadi 90 na kidogo, ilhali stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Fundi redio atakufungia kifaa kidogo cha kugeuza masafa, au ubadilishe redio yote.

Shemeji yangu yuko Busia ya Kenya na anataka kuniuzia gari lake lenye namba za Kenya. Kwa kuwa kodi zilishalipwa kule, ninaweza kuliendesha huku moja kwa moja?

Huwezi, ndugu yangu, na wengi wa mpakani wamepoteza magari kwa kuamini hivyo. Gari la Kenya huingia Uganda kwa kibali cha muda ambacho forodha humpa dereva mpakani, pamoja na bima inayovuka mipaka, ile kadi ya njano ya COMESA. Kibali hicho ni cha kutembea na kurudi. Siku unapolinunua na kulibakiza huku, gari hilo limekuwa bidhaa iliyoingizwa nchini, na forodha inaweza kulikamata.

VAT iliyolipwa Nairobi ilikwenda katika hazina ya Kenya. Uganda ina VAT yake, kodi yake ya zuio na tozo yake ya mazingira, na itazidai. Fanyeni mauziano kwa maandishi, shemeji yako aanze taratibu za kulitoa gari katika usajili wa Kenya, kisha wakala wako alitangaze forodhani. Kumbuka pia kwamba mwaka wa kutengenezwa unahesabiwa vilevile, na gari lililokwisha kutumika Kenya miaka saba au minane linaweza kuwa limezeeka kupita kikomo chetu.

Nimefanya kazi ya uuguzi Ujerumani kwa miaka sita na ninarudi nyumbani moja kwa moja. Nimesikia ninaweza kuja na gari bila kodi.

Ni kweli kwamba sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu mtu anayehamisha makazi yake kuleta gari moja bila kulipa ushuru, mradi awe ametimiza miaka 18, awe amelimiliki na kulitumia yeye mwenyewe huko nje kwa muda usiopungua miezi 12, bila kuhesabu siku za melini, na awe hajawahi kupewa nafuu hiyo. Gari lisiwe basi la abiria zaidi ya 13 wala la mizigo inayozidi tani 2. Tunza hati za umiliki, bima za kila mwaka na pasipoti zenye mihuri, kwa kuwa utatakiwa kuthibitisha miezi hiyo.

Tatizo lako, dada, ni usukani. Magari ya Ujerumani yana usukani wa kushoto, nasi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, na gari la namna hiyo haliruhusiwi kusajiliwa kwa matumizi ya kawaida bila kibali maalumu cha Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Nafuu ya forodha haiondoi sharti hilo, wala lile la miaka 15. Kwa maoni yangu, liuze gari huko, urudi na fedha. Inauma, najua, lakini kulileta gari usiloweza kulisajili kunauma zaidi.

Wakala amenitaka nimpe fedha za kodi mkononi ili "aharakishe mambo". Niko Gulu, sina mtu Mombasa. Nifanyeje?

Mlipe wakala ada yake, na kodi uilipe mwenyewe. Baada ya tamko la forodha kukubaliwa katika mfumo, hutolewa namba ya malipo ya URA, na kwa namba hiyo unalipa benki yoyote inayokusanya kodi, hata hapo Gulu. Tamko liwe na namba yako ya mlipakodi, si ya wakala, kwa kuwa jina lililo kwenye tamko ndilo litakalofuata gari hadi kwenye kadi ya umiliki. Kabla ya hapo, angalia kwamba wakala ana leseni ya mwaka huu.

Hati ya shehena, yaani ile inayotolewa na kampuni ya meli, usimpe mtu yeyote nakala halisi kabla ya kumjua. Mwenye hati hiyo ndiye mwenye gari bandarini. Lakini pia usiikalie. Mimi niliagiza gari langu la kwanza kwa tahadhari nyingi, nikaichelewesha hati hiyo kwa siku kumi nikisubiri mtu wa kuibeba, na siku za bure za bandarini zikaisha. Nililipia hifadhi ya kila siku. Gari lilipofika Kampala, tairi la akiba, jeki na redio havikuwamo, na dereva na wakala kila mmoja alimtaja mwenzake.

Tangu hapo sikubali gari liondoke bandarini kabla sijatumiwa picha: dashibodi ikionyesha kilomita na mafuta, buti likiwa wazi, tairi la akiba, jeki, redio, taa zote nne na funguo zote zikiwa juu ya kiti. Orodha hiyo hiyo huisaini dereva anapopokea gari na anapolikabidhi. Mwambie wakala wako kwamba salio la ada yake utalimaliza baada ya kuikagua orodha hiyo mbele yake, gari likiwa limeegeshwa uwanjani kwako.