Sikukuu zetu za miguu na kiroba

Mwanangu,

Marahaba. Picha za wajukuu nimezipata, na nimezionyesha mtaa mzima mpaka kwa muuza mkaa. Huyo mdogo kachukua paji la uso la baba yako, msije mkabisha.

Sasa swali lako. Umeniandikia kwamba Desemba inakaribia, wenzako kazini wanachangishana ukumbi na mbuzi wa kuchoma, na mumeo amekuuliza kwenu sikukuu mlikuwa mnazilaje. Ukajikuta huna jibu zaidi ya "sisi tulikuwa tunatembea". Unataka kujua kwa nini utoto wenu wote, iwe Uhuru, iwe Muungano, iwe Krismasi, tulikuwa barabarani na kiroba mkononi wakati watoto wa jirani wamevaa nguo mpya na muziki unapiga. Kulikuwa na maana, au ulikuwa umaskini tu? Na wewe huko Mwanza, na wanao wawili, ufanyeje?

Nianze na umaskini, maana ulikuwepo. Mshahara wa muuguzi na vijisenti vya fundi seremala, ukitoa kodi ya nyumba na ada zenu tatu, haubakizi ukumbi. Desemba ukila kwa fujo, Januari sare na madaftari vinakusubiri mlangoni kama mdai. Kwa hiyo ndiyo, mwanzoni nauli ya daladala ndiyo burudani tuliyoimudu. Lakini kumbuka hata baba yako alipopata zile kazi za madawati, na pesa ikaonekana, hatukubadilisha. Hapo sasa sababu ni bibi yako.

Bibi mzaa baba alikuwa Uwanja wa Taifa usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, huo ambao sasa wanauita Uwanja wa Uhuru. Alitusimulia mara nyingi mpaka ninyi mkawa mnamalizia sentensi zake. Saa sita ya usiku taa zikazimwa, giza totoro, na zilipowashwa bendera ya Mwingereza haipo tena, imepanda ya kijani, nyeusi na dhahabu. Alikuwa akisisitiza kwamba buluu haikuwepo. Buluu tuliipata kwa Wazanzibari baada ya Muungano wa 1964. Ila mwenyewe alikiri kwamba bendera hakuiona vizuri. Alikuwa mfupi, na mgongoni ana mtoto, shangazi yenu mkubwa. Mwanamke aliyesimama pembeni yake, hawajuani hata kwa jina, akampokea mtoto akamwambia, "Panda hapo kwenye kingo, na wewe uone." Akapanda, akaona, akashuka, akarudishiwa mtoto wake. Basi. Kwa bibi, huo ndio ulikuwa Uhuru: umetoka nyumbani ukaenda kuona, na kuna mtu kakushikia mtoto.

Ndiyo maana kila Desemba 9 alitutoa nje. Alikuwa anaanzia Mnazi Mmoja kwenye mnara wa Uhuru, anasimama dakika mbili tatu bila kusema neno, halafu anauliza, "Haya, leo wapi?" Kijiji cha Makumbusho kule barabara ya Bagamoyo unakikumbuka, maana uliingia kwenye msonge ukagoma kutoka, ukasema umepata nyumba yako. Makumbusho ya Taifa mlikwenda mara nyingi zaidi kwa sababu ya lile gari la gavana lililokuja kutumiwa na Mwalimu Nyerere. Kaka yako alikuwa anasimama pale kama mlinzi. Siku moja mbele ya kabati la Zinjanthropus, yule mtu wa kale, nikiwaeleza kwamba mama mmoja aitwaye Mary Leakey alilipata fuvu lake Olduvai mwaka 1959, kaka yako akauliza kama huyo naye aliwahi kuwa mwanachama wa TANU. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Pugu tulikwenda mara moja tu, kuona mahali Mwalimu alipofundisha kabla hajalazimika kuchagua kati ya chaki na siasa. Mvua ilitunyeshea, viatu vikaharibika, sikurudia.

Kiroba sasa. Hapo ndipo nilikosea, na sijawahi kukwambia.

Ilikuwa Desemba 26, una miaka minane. Hiyo Boxing Day ambayo mpaka leo kuna watu wanadhani ni siku ya ngumi, na kweli mapambano huwa yanapangwa siku hiyo, lakini asili yake kwa Waingereza ni visanduku vya zawadi na sadaka walivyopewa watumishi na maskini. Nilikuwa nimeipenda habari hiyo. Nikafunga kiroba: biskuti, juisi, nguo zenu zilizowabana. Tukaenda kwenye kituo kimoja cha kulelea yatima, na mjomba wenu akaja na kamera yake mpya.

Kabla yetu lilikuwepo kundi la kanisa. Nyuma yetu walikuwa wanasubiri wafanyakazi wa ofisi fulani, fulana zao zote rangi moja. Watoto wakapangwa mstari watuimbie wimbo wa kukaribisha wageni, na ukiwatazama ulijua si mara ya kwanza siku hiyo. Kulikuwa na msichana wa rika lako, gauni la njano, sauti imeshamkauka, anafungua tu mdomo. Wewe ndiye uliyempa pakiti yake ya biskuti. Mjomba akasema picha haikutoka, mrudie. Ukaichukua ile pakiti mkononi mwake, ukampa tena. Hakukutazama wewe, aliitazama pakiti, kama mtu anayehakikisha kwamba safari hii imekuja kukaa.

Ndani ya daladala ukaniuliza, "Mama, kwa nini nilimnyang'anya?" Tumeipita Mtoni, tumefika Mbagala, sina jibu.

Lakini kabla hatujaondoka nilikuwa nimepita uani, nikamkuta mlezi wao anaosha vikombe. Alikuwa mama mtu mzima, hana maneno mengi. Akaniambia, "Dada, leo nina biskuti za kujaza stoo na panya watashukuru. Njoo Januari. Januari hata hii njia inaota majani." Nikamuuliza Januari anakosa nini. Akataja bila kufikiri: viatu vyeusi vya shule, madaftari, sabuni za mche, na taulo za kike kwa wasichana wakubwa, ambazo hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kuzikumbuka.

Wiki iliyofuata alinitumia kifurushi kwa kijana mmoja. Ndani kulikuwa na vipande vya kamba ya katani, kumi na moja. Kila kipande alikikata kwa urefu wa mguu wa mtoto, kisigino mpaka kidole, akakifunga kikaratasi chenye jina. Mimi na baba yako tulizunguka Kariakoo na zile kamba, tunaziingiza ndani ya viatu mbele ya wauzaji, wanatucheka. Pesa ilitosha jozi nne tu. Kamba saba nikazirudisha kwenye droo, na mwaka uliofuata nikaomba nyingine, kwa sababu miguu ya watoto haisubiri mshahara.

Ndipo ikawa Januari 12. Sikukuu ya Mapinduzi watu wengi wa bara wanailala, si ndiyo? Wamechoka na Krismasi, mfuko mtupu, wanashukuru tu kwamba kazini hakuna. Kwetu ikawa ndiyo siku ya kiroba. Hakuna kamera, hakuna wimbo. Tunakabidhi kwa mlezi jikoni, ninyi mnakwenda kucheza mpira na wenzenu uani, tunarudi. Wewe na yule wa gauni la njano mlikuja kuwa marafiki, mkawa mnasukana nywele. Sijui kama unakumbuka kwamba ni yule yule.

Kwa hiyo nikupe ninaloliamini, kisha uamue mwenyewe: siku ya kutembea na siku ya kutoa zisiwe lazima siku moja. Sikukuu yenyewe nenda na wanao mahali, karibu, waone. Sadaka ipeleke siku ambayo hakuna anayekuja, na uliza kwanza kinachotakiwa.

Kuna kitu kimoja tu ambacho sikukuu yenyewe ndiyo inakitaka, nacho ni damu. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi na Desemba ndiyo ilikuwa inanitia hofu. Wanafunzi wa sekondari ni wachangiaji wakubwa wa damu, na shule zikifungwa hawapo. Wakati huohuo barabara zimejaa mabasi na walevi, ajali zinaingia usiku kucha. Halafu huku kwetu mama amejifungua salama, kila mtu anashangilia, ghafla anavuja damu. Unapiga simu maabara, unaambiwa kundi lake hakuna. Ukisimama pale na godoro linabadilika rangi, hotuba za sikukuu hazikusaidii kitu. Baba yako alikuwa anakwenda kuchangia kituo cha Damu Salama kila Desemba, anarudi na plasta mkononi na soda aliyopewa, anawapa ninyi mgombanie. Wewe unanyonyesha, kaa kwanza. Mumeo aende. Awe na miaka 18 hadi 65, kilo zisipungue 50, nadhani hilo halina shaka kwa jinsi anavyopenda ugali. Mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4.

Na usiseme ni mambo ya mama yako tu. Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta gwaride la Desemba 9, siku ikawa ya usafi nchi nzima, na shilingi bilioni 4 za sherehe zikapelekwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge. Ulikuwa chuoni, ukanipigia simu kulalamika kwamba wameua sikukuu. Sisi hapa tulikuwa ndani ya mtaro na reki na matoroli. Nikamwona kwa mara ya kwanza jirani wa nyumba ya tatu, tumeishi naye miaka sita hatujasalimiana. Mwaka 2022 Rais Samia naye akazielekeza milioni 960 za sherehe kujenga mabweni 8 ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Gwaride napenda kulitazama, sikufichi. Lakini bweni linalala watoto mwaka mzima.

Kwa mumeo kuna Idi, na hapo naona swali lako lilishajibiwa zamani kuliko bibi yako. Zakatul-fitri hutolewa kabla ya swala ya Idi, pishi ya chakula kwa kila kichwa ndani ya nyumba, karibu kilo mbili na nusu, ili siku hiyo asiwepo wa kulala njaa. Hata huyo wa miezi mitano anatolewa yake. Mwache yule mkubwa awe ndiye anayepima mchele, kichwa kwa kichwa, akitaja majina. Atajifunza hesabu.

Mwanza hamna haja ya kwenda mbali. Desemba 9 wapandishe boti mwende Kisiwa cha Saanane, hapo hapo mjini. Wasimulie kwamba kisiwa kina jina la mzee aliyekuwa akiishi pale, akilima na kuvua, kabla hakijafanywa mahali pa wanyama mwaka 1964; tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini. Mwaka mwingine nendeni Bujora, pale Kisesa, makumbusho ya Wasukuma, mkwe wangu aone ngoma za babu zake badala ya kuzisikia harusini tu. Oktoba 14, mkipata nauli, Butiama kwa Mwalimu, pale Mwitongo alipozikwa. Na kama siku moja mnapita Igoma, shukeni kwenye makaburi ya waliozama na meli ya Mv Bukoba, Mei 21, 1996. Si sikukuu, lakini mtu anayekaa na ziwa lile anapaswa kupajua.

Bebeni chakula kutoka nyumbani. Mihogo, mayai ya kuchemsha, maji. Mkianza kununua soda kila kituo mtachukia safari yenyewe.

Krismasi pikeni pilau lenu, pigeni muziki, vaeni nguo mpya, sijakukataza. Nilikuwa nataka na mimi, ila haikutosha.

Nimeshaongea na baba yako. Tutapanda basi Januari 9, Mungu akipenda, tuwe nanyi tarehe 12. Tafuta kituo cha watoto kilicho karibu na kwenu, si kile kikubwa kinachotembelewa na kila mtu, umwone mlezi mapema kabla ya Krismasi. Muulize Januari anakosa nini. Viatu akivitaja, mwombe akukatie kamba, kila moja na jina lake, unitumie kwa basi. Kariakoo bado wapo wanaonikumbuka.

Mama yako
Mbagala