Kupanga malalamiko ya maji Kisumu kwa akili unde

Ndugu, umeuliza kama kaunti inaweza kutumia akili unde kupanga SMS za malalamiko ya maji Kisumu. Inaweza, ila usianze na programu, anza na meseji zenyewe. Chukua kama 2,000 za zamani, futa majina na nambari za simu, kisha watu wawili waziwekee alama, kila mmoja kivyake: bomba limepasuka, mfereji mkavu, mafuriko, bili. Wakitofautiana sana, alama zenyewe hazieleweki, na mashine haitazielewa pia.

Makosa mengi huanzia kwenye lugha. "Maji imejaa kwa nyumba" na "maji hakuna" zote zina neno maji, na mwingine ataandika "pi onge" (maji hakuna) kwa Dholuo. Ukifunza mfumo kwa Kiswahili sanifu na Kiingereza pekee, mitaa ya Kisumu kama Nyalenda na Manyatta itaonekana haina shida, kumbe haisikiki. Pima makosa kwa kila lugha na kila wadi, si wastani wa jumla. Meseji ambayo mfumo hauna hakika nayo iende kwa karani siku hiyo hiyo.

Kumkatia mtu maji kusiamuliwe na mashine peke yake: soma kifungu cha 35 cha Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019, kinachohusu maamuzi yanayofanywa na mashine pekee.